Soni, Izara au Fedheha? Visawe vya Aibu katika Kikorea na Tatizo la Kumsoma Yun Dong-ju kwa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba visawe kamili ni nadra katika lugha yoyote ile. Kanuni hiyo huikariri katika mtihani, kisha huisahau punde aingiapo katika kazi ya kutafsiri. Makala haya yananuia kuchunguza uga mmoja wa maana katika Kikorea, yaani maneno yanayotaja ile hisia ambayo Kiingereza aghalabu huitaja kwa neno moja, na ambayo sisi, kwa kupitia Kiingereza hicho, tumezoea kuiita 'aibu'. Maneno tutakayoyashughulikia ni bukkeureoum, suchi, changpi, mangsin, yeomchi na yok. Tumeyaandika kwa mfumo wa hati za Kirumi uliotangazwa na serikali ya Korea Kusini mnamo mwaka wa 2000. Hoja yetu ni kwamba tofauti baina ya maneno haya si pambo la kamusi. Katika ushairi wa Yun Dong-ju (1917-1945) tofauti hizo ndizo zinazobeba maana, na msomaji anayezipoteza humsoma mshairi mwingine ambaye hakupata kuwapo.

Suala hili lilitujia katika semina ya uzamili. Shairi la Yun liitwalo "Chamhoerok", yaani Kumbukumbu ya Toba, lilijadiliwa kwa tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na mmoja wa wanafunzi kutokana na tafsiri ya Kiingereza. Kiswahili chake kilikuwa safi. Neno 'aibu' lilitokea mara mbili, na washiriki wakaafikiana, kwa haraka ambayo ingepaswa kututia shaka, kwamba hili ni shairi la mtu aliyeaibishwa na mkoloni. Tukalilinganisha na tungo zetu za ukombozi, tukaridhika. Baadaye matini chasili ilipofunguliwa, ilidhihirika kwamba pale tulipokuwa na 'aibu' mbili, Yun alikuwa na maneno mawili yaliyo mbali, na kwamba safari ya kutoka neno la kwanza hadi la pili ndiyo shairi lenyewe.

Kosa la aina hii ni gumu kulitambua kuliko makosa yanayozungumzwa sana. Riwaya ya Han Kang, "Chaesikjuuija", iliyotoka Korea mwaka wa 2007, ilipopata tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka wa 2016 kwa tafsiri yake ya Kiingereza, wahakiki waliichambua tafsiri hiyo na kuonyesha, miongoni mwa mengine, kwamba neno pal (mkono) lilikuwa limechanganywa na bal (mguu). Kosa kama hilo linasahihishwa na kamusi yoyote. Lakini ni kamusi ipi itakayomsahihisha anayeandika 'aibu' mahali pa soni, ilhali kamusi yenyewe inaeleza soni kuwa ni aibu?

Tabaka mbili za msamiati

Hapana budi kueleza kwa ufupi jinsi Kikorea kilivyopata wingi wa visawe vyake. Kwa karne nyingi maandishi ya dola na ya wanachuoni wa Korea yalikuwa kwa Kichina cha kale. Mfalme Sejong alizitangaza herufi za Kikorea mwaka wa 1446, lakini haikuwa hadi mageuzi ya mwaka wa 1894 ambapo herufi hizo zilipewa hadhi ya kiserikali. Matokeo yake ni kwamba zaidi ya nusu ya vidahizo vya kamusi kubwa za Kikorea ni maneno yenye asili ya Kichina, ambayo yamekaa juu ya maneno ya jadi kama orofa juu ya nyumba ya chini.

Mswahili hahitaji kuelezwa sana hali hii, maana lugha yake nayo ina orofa, ingawa ya kwake ilijengwa kwa Kiarabu. Lakini ni vyema tujihadhari na ulinganisho wa haraka. Ni rahisi kudhani kwamba neno la jadi daima ni la nyumbani na la hali ya chini, na lile la Kichina daima ni la heshima. Vitenzi vya kufa vyatosha kuipinga dhana hiyo. Jukda ni kufa, neno la jadi, kavu. Samang, la Kichina, ni neno la hospitali na la ripoti ya polisi. Neno la heshima, lile ambalo mtu hulitumia kwa babu yake, ni doragasida, ambalo maana yake ya msingi ni 'kurudi', nalo ni la jadi. Heshima hapa imetoka chini, na ubaridi umetoka juu. Kwetu sisi mambo yamegeuka: 'kufa' ni la Kibantu na ni kavu, ilhali adabu imeachiwa 'kufariki', neno lililotoka Kiarabu.

Vipo vyanzo vingine vya visawe katika Kikorea ambavyo tutavipita, kama vile mabadiliko ya irabu yanayozaa maneno pacha. Ppalgata ni wekundu uliokoza. Ppeolgeota ni wekundu mzito zaidi, wenye giza. Mfano mmoja, hata hivyo, tungependa kuutaja kabla ya kuendelea, kwa sababu unahusu kichwa cha diwani mashuhuri. Mwaka wa 1925 Kim Sowol alichapisha "Jindallaekkot". Tafsiri za Kiingereza kwa kawaida hulitumia jina moja la jumla ambalo lingeweza pia kutajia ua lingine, cheoljjuk. Maua haya mawili hufanana na ni ya jamii moja. Lakini jindallae huchanua kabla ya majani yake na huliwa: huwekwa juu ya vitumbua bapa vya unga wa mchele unaonata, viitwavyo hwajeon, wakati wa machipuko. Cheoljjuk ni sumu. Watu wa vijijini wameliita la kwanza chamkkot, ua la kweli, na la pili gaekkot, ua duni. Mpenzi anayetawanyiwa jindallae njiani aendapo zake anatawanyiwa kitu ambacho watoto wamekionja. Hilo halimo katika jina la jumla.

Uga wa maana ya aibu

Tuanze na neno lenye mizizi mirefu zaidi. Bukkeureopda ni kivumishi cha jadi, na bukkeureoum (au kwa kifupi bukkeureom) ni nomino yake. Lina maana mbili ambazo kwa Mkorea hazitengani. Mtoto anayejificha nyuma ya mama yake wageni waingiapo ni bukkeureopda. Mtu mzima anayeshindwa kuitazama dhamiri yake, hata akiwa peke yake gizani, naye ni bukkeureopda. Katika maana ya kwanza hutumika pamoja na kitenzi tada, kitenzi hicho hicho kinachotumika kwa mtu mwepesi wa kuhisi baridi. Katika maana ya pili hutumika na alda, kujua: kuna watu wanaojua bukkeureoum na wasioijua. Lipo neno jingine la jadi, sujupda, linaloelekea maana ile ya kwanza, lakini hilo ni tabia tu ya mtu mpole, na halina mlango wa kuingia katika maadili. Mtu hawezi kuwa sujupda mbele ya dhamiri yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa amekwisha kusikia mwangwi. Soni ya Kiswahili, thoni ya Kikuyu, nthoni ya Kikamba, ensonyi ya Kiganda, isoni ya Kinyarwanda: neno moja la Kibantu ambalo hubeba haya ya mtoto, staha baina ya mtu na mkwewe, na uchungu wa aliyekosa. Kwa mintarafu ya upana huu, bukkeureoum ina ndugu mahali ambapo wafasiri wa Kiingereza hawakuwa na sababu ya kumtafuta.

Suchi ni neno la Kichina lililoundwa kwa herufi mbili, zote mbili zikiwa na maana ya aibu. Kinacholitofautisha ni kitenzi kinachoandamana nalo. Mkorea hutumia danghada, yaani kupatwa, kutendewa: suchi humfika mtu kutoka nje. Ndilo neno la sheria na la historia. Katika sheria za makosa ya kujamiiana limo katika neno suchisim, 'moyo wa suchi', na mwezi wa Desemba 2020 Mahakama ya Juu ya Korea Kusini ililazimika kueleza kwamba anachohisi aliyetendewa si fedheha peke yake. Yaweza kuwa pia hasira, hofu au hisia ya kutoweza lolote. Mabishano hayo yamekuwa ya kisheria, lakini kiini chake ni cha kisemantiki: kwa nini neno la sheria limtake aliyedhulumiwa ndiye aone aibu? Anayedhani kwamba visawe ni mchezo wa watunga kamusi na aisome hukumu hiyo.

Changpi nalo ni la Kichina, na herufi zake za asili huleta taswira ya nguo zilizolegea bila mshipi. Ni aibu nyepesi yenye mashahidi: mtu ameteleza barabarani, au amesahau jina la mwenyeji wake. Bila macho ya watu hakuna changpi. Yawezekana pia 'kumpa' mtu changpi, jambo lisilowezekana kwa bukkeureoum. Vijana wana neno lao la mtaani, jjokpallida, ambalo tukilifumbua ni 'kuuziwa uso'. (Vijana wa Dar es Salaam nao husema 'kuuza sura', ila wao humaanisha kujionyesha, nasi tusishawishike na kufanana huko.) Mangsin ni kubwa zaidi. Herufi zake zasema 'kupoteza mwili', na kwa kawaida anayepotezewa si mtu mmoja, bali ni ukoo au nchi. Nara mangsin ni fedheha ya taifa, kama ile ya mbunge aliyelewa ugenini.

Yeomchi ni ya aina tofauti kabisa. Hii si maumivu, ni breki. Mtu huwa nayo au huwa hana. Anayekula sehemu ya mwenzake bila kuulizwa hana yeomchi, na Mkorea hulitamka hilo kwa mkazo ule ule tunaoutia tunaposema 'hana haya'. Hatujaona jozi nyingine katika uga huu ambapo Kikorea na Kiswahili vinakutana bila kubakiza kitu.

Yok, hatimaye, ni udhalilishaji. Katika mazungumzo ya leo ni tusi, lakini kitenzi chake cha kifasihi, yokdoeda, maana yake ni kuwa katika hali ya kuvunjiwa heshima. Hakisemi mtu anahisi nini. Kinasema amewekwa wapi.

Msomaji makini atatupinga hapa, na pingamizi lake ni la haki. Kamusi za Kikorea hulitumia bukkeureoum kuyaeleza maneno mengine: changpi hufafanuliwa kuwa ni bukkeureoum inayotokana na kupungukiwa hadhi, yeomchi kuwa ni moyo unaojua bukkeureoum. Basi yamkini hili ni neno la jumla tu, na mshairi aliyelitumia hakuchagua chochote. Alichukua lililo karibu. Jibu la pingamizi hili haliwezi kupatikana katika kamusi. Ni lazima tuingie katika mashairi.

Yun Dong-ju: kutoka yok hadi bukkeureoum

Yun alizaliwa Desemba 1917 katika kijiji cha Myeongdong, Manchuria, katika jamii ya Wakorea waliokuwa wamehamia huko. Miaka saba kabla ya kuzaliwa kwake, Agosti 1910, Japani ilikuwa imeimeza Korea. Tukio hilo lina jina katika Kikorea, nalo ni muhimu kwa hoja yetu: huitwa gukchi, aibu ya nchi. Ile chi ndiyo chi ya suchi. Yaani lugha ya umma ilikuwa tayari na neno la kulitajia janga la taifa, neno la Kichina, rasmi, la kutendewa. Mshairi aliyetaka kuiimba aibu ya Korea alikuta msamiati umetandikwa.

Yun hakuutumia. Mnamo tarehe 20 Novemba 1941, akikaribia kumaliza masomo yake katika chuo cha Yeonhui mjini Seoul, aliandika shairi fupi ambalo sasa linajulikana kama "Seosi", Shairi la Dibaji, na ambalo karibu kila mwanafunzi wa Korea Kusini hulijua. Humo nafsineni anatamani kuishi hadi kufa akiitazama mbingu bila hata chembe ya bukkeureom. Wahakiki wa Kikorea wamebainisha kwamba wazo hili lina chimbuko katika Mencius, ambaye huhesabu miongoni mwa furaha tatu za muungwana ile ya kuinua macho mbinguni na kuyashusha kwa watu bila kuona aibu. Yun aliyajua mafunzo hayo: mjomba wake, Kim Yak-yeon, mwalimu mkuu wa kijiji chao, alikuwa mwanachuoni wa Kikonfusio kabla ya kuwa mchungaji wa Kikristo. Sasa, neno la Mencius ni la Kichina, goe kwa matamshi ya Kikorea, nalo limo katika msamiati wa kila msomi. Neno hilo lilikuwa mkononi mwake, akaliweka chini, akashika lile ambalo mama humwambia mtoto mbele ya wageni. Twaona hapo kwamba pingamizi tulilolitaja limeanza kulegea. Mwenye neno moja tu hachagui. Yun alikuwa nayo mawili.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika "Chamhoerok", lenye tarehe ya 24 Januari 1942. Tangu 1940 utawala wa Japani ulikuwa umewashurutisha Wakorea kujiandikisha kwa majina ya Kijapani. Yun alitaka kwenda kusoma Japani, na bila jina hilo asingepata hati za kuvukia. Katika mwezi ule ule wa Januari alijiandikisha kwa jina la ukoo la Hiranuma. Shairi liliandikwa siku chache kabla.

Nafsineni anasimama mbele ya kioo cha shaba kilichoota kutu. Uso wake bado umo humo, naye anajiuliza ni masalio ya ufalme upi hata uwe hivi. Neno analolitumia hapa ni lile la yok. Hajasema kwamba anaona soni. Amesema kwamba uso wake, kama chombo kilichoachwa na dola iliyoanguka, umewekwa mahali pa izara. Uso hakuuumba yeye, amerithi. Kisha anaipunguza toba yake kuwa mstari mmoja, kuhusu miaka 24 na mwezi mmoja aliyoishi (hesabu ambayo, tukiilinganisha na tarehe ya kuzaliwa kwake, ni sahihi takriban kwa siku), akiuliza ni kwa furaha gani aliishi. Halafu shairi linageuka. Anaiona siku ya mbele, siku ya furaha, kesho au keshokutwa, ambapo itamlazimu kuandika mstari mwingine wa toba, wa kujiuliza kwa nini katika ujana ule alitoa ungamo kama lile. Ungamo hilo ndilo linalopewa kivumishi cha bukkeureopda.

Tuzingatie maneno haya yameambatanishwa na nini. Yok imeambatanishwa na uso, kitu alichopewa na historia. Bukkeureoum imeambatanishwa na ungamo, kitu alichokitenda kwa kinywa chake. Kwa maoni yetu, anachokionea soni si jina la Hiranuma peke yake. Ni ile sauti ya kujihurumia katika toba ya kwanza, kule kuuliza 'niliishi kwa furaha gani' kana kwamba tatizo la mwaka wa 1942 lilikuwa huzuni yake. Shairi linaitubia toba. Na ni baada tu ya neno hili la pili ambapo kitendo kinaanza: anaazimia kukisugua kioo, usiku baada ya usiku, kwa viganja vya mikono na nyayo za miguu. Izara mtu hawezi kuisugua kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu haikutokana nayo. Soni anaweza.

Tukirudi sasa kwa tafsiri iliyojadiliwa katika semina, tutaona ni kitu gani kilichopotea. 'Aibu' ya kwanza na 'aibu' ya pili zilifanya duara mahali ambapo Yun alifanya mstari. Mtu aliyeaibishwa alibaki ameaibishwa, na ule usuguaji wa kioo ukawa kitendawili ambacho wanafunzi walikipa majibu ya kila namna, likiwemo lile la kwamba ni ishara ya kazi za sulubu katika ukoloni.

Mwelekeo huu haukuwa wa siku moja. Mnamo Juni 1942, akiwa Tokyo, Yun aliandika "Swipge sseuyeojin si", Shairi Lililoandikwa kwa Urahisi, ambamo urahisi wenyewe wa kutunga, katika maisha ambayo watu wanasema ni magumu, ndio unaopewa kivumishi kile kile. Yuko katika mji mkuu wa mtawala. Angekuwa na kila haki ya kusema suchi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, alikamatwa, na akafa katika gereza la Fukuoka mnamo Februari 1945, miezi sita kabla ya nchi yake kuwa huru. Diwani yake, "Haneulgwa Baramgwa Byeolgwa Si" (Mbingu, Upepo, Nyota na Ushairi), ilichapishwa mwaka wa 1948.

Neno hili halikuishia kwake. Mwaka wa 1974 Pak Wan-seo alitoa hadithi fupi yenye kichwa "Bukkeureoumeul gareuchimnida", Tunafundisha Bukkeureoum. Mhusika mkuu, mwanamke aliyeolewa mara tatu, anaishi katika Seoul ya utajiri mpya na kujiandikisha kujifunza Kijapani. Siku moja mtaani anamsikia kiongozi wa watalii wa Kijapani akiwatahadharisha wageni wake, kwa lugha hiyo aliyojifunza, dhidi ya wezi wa mifukoni. Hapo hisia aliyodhani imekwisha kufa ndani yake inarudi kwa maumivu. Anazitazama shule za mitaani zilizojaza vibao vya kutangaza kila fani, na anatamani pawepo kibao kinachotangaza somo la hisia hii. Kichwa hicho kisingewezekana kwa changpi, maana mji ule ulikuwa na changpi tele. Kila mtu alijali macho ya jirani. Wala kisingewezekana kwa suchi, ambayo haifundishwi bali hutendwa. Na kwa kuwa bukkeureoum ni pia ile soni ya msichana, kinachoombwa kifundishwe ni kitu ambacho kila mmoja alikuwa nacho alipokuwa mdogo.

Neno lipi la Kiswahili?

Kiswahili hakina uhaba hapa, na hilo ndilo linalofanya kosa letu kuwa la kusikitisha. Aibu, katika asili yake ya Kiarabu, ni kasoro, ila. Methali isemayo 'Aibu ya maiti aijuaye mwosha' bado inalitumia katika maana hiyo. Ni kitu kilichopo juu ya mtu, akione asikione. Fedheha ni kasoro iliyoanikwa hadharani, nayo inalingana vizuri na mangsin. Haya ni yeomchi. Kwa suchi tusitafute nomino, bali twende kwenye mnyambuliko: kuaibishwa, kutahayarishwa, kudhalilishwa. Kikorea huonyesha mtenda na mtendwa kwa kubadilisha nomino na kitenzi kinachoandamana nayo. Sisi tunaonyesha kwa viambishi, na hatupungukiwi. Kwa yok ya "Chamhoerok" tunapendekeza izara.

Kwa bukkeureoum tunapendekeza soni, lakini si bila gharama. Neno la Yun ni la kila siku, la sokoni na la jikoni, ilhali soni katika Kiswahili cha leo limeelekea kuwa neno la vitabu. Msomaji wa Nairobi atalisikia kama pambo la kishairi mahali ambapo Mkorea husikia sauti ya nyumbani. Ajabu ni kwamba msomaji huyo huyo, akiwa Mkamba au Mkikuyu, analo neno lenyewe mdomoni kila siku katika lugha yake ya kwanza. Yawezekana basi kwamba soni ingesomeka vizuri zaidi Machakos kuliko Mombasa, jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili sanifu hawatalifurahia.

Jambo la kiutendaji lastahili kutajwa. Kiswahili kimekuwa kikifundishwa Korea Kusini, katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, tangu miaka ya 1980, na Kikorea sasa kinafundishwa Nairobi. Baada ya Han Kang kutunukiwa Nobeli mwaka wa 2024, wachapishaji wataanza kutafuta tafsiri za Kiswahili, na njia iliyo rahisi itakuwa kupitia Kiingereza. Njia hiyo ina mlango mmoja mwembamba mahali ambapo nyumba zote mbili zina milango sita. Idara zetu zingeweza kumtaka mwanafunzi anayetafsiri kutoka lugha ya tatu aweke mezani, pamoja na tafsiri yake, orodha ya maneno ya matini chasili katika uga wa maana anaoushughulikia, hata kama hajui sarufi yake yote. Kazi hiyo huchukua siku mbili tatu.

Mwanafunzi wa semina yetu ameifanya. Tafsiri yake mpya ya "Chamhoerok" ina izara katika ubeti wa kwanza na soni katika wa tatu, na kioo sasa kinasuguliwa kwa sababu inayoonekana. Katika "Seosi", hata hivyo, amekataa soni. Anashikilia kwamba anayeitazama mbingu anahitaji haya, kwa kuwa haya ndilo neno ambalo dini zetu zimelizoeza kusimama mbele ya Mungu, na kwamba mpwa wa mchungaji angelielewa. Tumemjibu kwamba haya ni kitu ambacho mtu hutamani kuwa nacho, ilhali nafsineni wa Yun anatamani kutokuwa na hata chembe ya kile anachokitaja. 'Bila chembe ya haya' kwa Kiswahili ni tusi. Amekiri kwamba sentensi hiyo imeharibika, lakini hajalifuta neno. Sasa anajaribu kuigeuza sentensi.